Gharama ya Kukarabati Ploti Ng'ambo ya Kainuk

Katika taaluma ya ujenzi, ukarabati mwepesi ni kazi isiyogusa msingi, kuta zinazobeba paa wala kenchi zenyewe: kupaka rangi, kuziba nyufa, kupiga plasta upya mahali ilipobambuka, kubadilisha vitasa, mifereji, nyavu za mbu madirishani na mabati machache yaliyotoboka. Kwa kuwa kila kimoja kati ya vitu hivyo ni kidogo, wenye nyumba wengi huamini kwamba makadirio yake nayo ni mepesi, na kwamba yatosha kupima ukubwa wa nyumba kwa futi za mraba na kuuzidisha kwa kiwango kilichosikika Nairobi au Eldoret. Imani hiyo yaweza kumfaa mwenye nyumba wa Kitale. Huko Lodwar na Kakuma, miji ya kaunti ya Turkana, humpoteza, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama haimo katika ukuta unaopimwa. Imo barabarani, katika maji, katika jua, na katika miezi ambayo chumba hukaa bila mpangaji.

Soko la nyumba za kupangisha katika kaunti ya Turkana ni changa. Wakoloni waliliweka eneo hilo chini ya sheria za wilaya zilizofungwa, na umbali wake ulionekana kuwa gereza tosha hata Jomo Kenyatta akafungwa Lokitaung, kisha akazuiliwa Lodwar kati ya mwaka 1959 na 1961. Umbali huohuo ndio unaoingia leo katika bei ya mfuko wa saruji. Mahitaji ya nyumba yalipanda ghafla baada ya mafuta kugunduliwa karibu na Lokichar mwaka 2012 na serikali ya kaunti kuanza kazi Lodwar mwaka 2013, ikiwa na maafisa waliohitaji mahali pa kulala kabla majengo hayajatosha. Wakaongezeka wafanyakazi wa mashirika ya misaada na wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana. Jibu la wenye viwanja likawa ploti, yaani safu ya vyumba vinavyotazamana ndani ya ua mmoja, vikiwa na choo na mfereji wa pamoja au kila chumba na vyake. Nyingi zilijengwa kwa haraka, kwa saruji iliyobaniwa na maji yaliyopatikana, na sasa zimefikia umri wa kudai matengenezo. Kakuma ina historia yake: kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992 na makazi ya Kalobeyei yaliyofuata vimekusanya watu karibu 300,000, na utafiti wa shirika la IFC uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria soko la kambi na mji kuwa la dola milioni 56 hivi kwa mwaka, lenye biashara zaidi ya 2,000. Mji wa namna hiyo hauwezi kukosa wapangaji, wala hauwezi kukosa kuta zinazobambuka.

Makadirio yanapaswa kuanzia barabarani. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kama kilomita 300, na kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama 120 nyingine. Bidhaa iliyotoka Nairobi husafiri karibu kilomita 700 kabla ya kufika Lodwar. Katika njia hiyo iko Kainuk, mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, ambako mashambulizi ya majambazi yamewafanya madereva wa malori, kwa vipindi virefu, wasubiri ulinzi au wapandishe nauli. Namna nauli inavyogawanywa juu ya bidhaa ndiyo hesabu ambayo makadirio mengi huikosa. Lori la tani 10 hubeba mifuko 200 ya saruji ya kilo 50, na likikodiwa, kwa mfano, kwa shilingi 80,000, kila kilo hubeba shilingi 8: mfuko wa saruji utaongezewa shilingi 400, debe la rangi la lita 20 lenye uzito wa kilo 30 hivi litaongezewa 240, na kitasa cha kilo moja kitaongezewa 8 tu. Saruji, ambayo bei yake karibu na kiwanda haifiki shilingi 1,000 kwa mfuko, huwa imepanda kwa karibu nusu au zaidi, ilhali kitasa hakijahisi safari.

Kutokana na hesabu hiyo huzaliwa kanuni isiyopatikana katika vitabu vya makadirio vilivyoandikwa kwa ajili ya miji mikubwa: kadiri mtu anavyokwenda kaskazini, vitu vizito vya bei ya chini ndivyo vinavyoghalika kuliko vyepesi vya bei ya juu, na uwiano wa gharama ndani ya kazi moja hubadilika. Ukarabati ambao Nairobi ungekuwa na fungu dogo la saruji na fungu kubwa la vifaa vya kumalizia, Lodwar hugeuka. Kwa hiyo kiwango cha futi ya mraba hakiwezi kurekebishwa kwa kuongeza asilimia moja juu ya kila kitu. Ni lazima kila kifaa kikadiriwe kwa uzito wake. Kuna tahadhari moja hapa. Bei ya kitasa au ya mfereji dukani Kakuma yaweza kuwa kubwa kupita inavyoelezwa na uzito, kwa kuwa mwenye duka la hadiwea hufunga mtaji wake katika bidhaa isiyonunuliwa haraka, na mteja hana duka la tatu la kulinganishia. Vifaa vidogo vya namna hiyo hufaa vinunuliwe Kitale au Eldoret kwa mkupuo mmoja na kupakiwa kwenye basi. Saruji ni afadhali inunuliwe Lodwar kwa mfanyabiashara anayejaza lori zima.

Rangi ndiyo kazi inayofanywa mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayokadiriwa vibaya kuliko zote. Chumba cha kawaida cha ploti, futi 10 kwa 10 chenye kuta za futi 9, kina futi za mraba 360 za ukuta. Ukiondoa mlango na dirisha hubaki kama 320, ambazo ni mita za mraba 30 hivi. Kwenye kopo la rangi ya maji mara nyingi huandikwa kwamba lita moja hutosha mita za mraba 10 hadi 12, lakini kipimo hicho ni cha ukuta laini uliokwisha kupigwa rangi ya kwanza. Ukuta wa Lodwar, uliopigwa plasta ya mchanga mkavu na kuokwa na jua, hunywa rangi. Mkadiriaji mwangalifu huhesabu mita za mraba 8. Kwa vyumba 10 vinavyopakwa makoti mawili, ambayo ni mita za mraba 600, hesabu ya kopo huleta lita 50 hadi 60, hivyo mwenye nyumba hununua madebe 3. Hesabu ya ukuta huleta lita 75, na madebe yanayohitajika ni 4. Debe lililokosekana huagizwa katikati ya kazi, fundi akiwa amekaa, na mara nyingi hufika likiwa na weupe usiolingana na ule wa mwanzo.

Jua nalo lina fungu lake katika makadirio. Joto la mchana Lodwar hukaribia au kupita nyuzi 35 karibu mwaka mzima, na mvua ya mwaka ni wastani wa milimita 200 hivi. Rangi inayopakwa saa saba mchana kwenye ukuta unaoelekea magharibi hukauka kabla haijashika, na baada ya miezi michache hubanduka kama ganda. Mafundi wanaoijua kazi yao huanza alfajiri, huacha saa nne au saa tano, na hurudi jua linapoanza kushuka. Siku ya kazi ya nje, basi, ina saa chache kuliko ile ya Kitale, na makadirio yanayochukua idadi ya siku kutoka Kitale hupunguza malipo ya fundi kwenye karatasi tu. Fundi mwenyewe atadai siku zake, au atapaka saa saba.

Maji hustahili mstari wake katika BQ, jina ambalo mafundi na wahandisi wa Kenya huipa orodha inayotenga kila kazi, kiasi chake, bei ya kipimo kimoja na jumla. Nairobi maji hayaandikwi, kwa kuwa hutoka mferejini. Lodwar hutegemea visima vilivyochimbwa kando ya mto Turkwel, na huduma ya mfereji haifiki kila ua kila siku. Katika mitaa mingine, na Kakuma zaidi, maji ya ujenzi hununuliwa kwa mtungi au kwa gari. Mfuko mmoja wa saruji ya plasta huhitaji lita 25 hadi 30 za kuchanganyia, na hayo ni maji ya mwanzo tu. Plasta ni lazima inyweshwe kwa siku 7, asubuhi na jioni, ili saruji ikomae polepole badala ya kukauka kama udongo, na katika joto la Turkana unyweshaji huo hunywa maji mengi kuliko mchanganyiko wenyewe. Fungu hilo lisipowekwa, ndilo huachwa kwanza. Nyufa zinazoonekana baada ya mwezi husingiziwa saruji ya bandia, kumbe ni kiu ya plasta.

Tena si kila maji yanafaa. Visima vilivyo mbali na mto mara nyingi hutoa maji ya chumvi, na chumvi hiyo, ikichanganywa ndani ya plasta au ikipanda kutoka ardhini, hujitokeza ukutani kama unga mweupe unaosukuma rangi nje. Ukuta wa namna hiyo haufai kupakwa rangi mpya juu ya ya zamani, hata kama picha zilizotumwa kwa mwenye nyumba anayeishi Nairobi zinaonyesha doa dogo tu. Inapaswa kubomolewa plasta yote iliyoathirika, kwa kawaida kutoka sakafuni hadi mita moja juu, ukuta ukapigwa brashi na kuachwa ukauke, kisha ukapigwa plasta kwa maji matamu. Kwa uwiano wa saruji 1 kwa mchanga 4 na unene wa milimita 15, mfuko mmoja hufunika mita za mraba 8 au 9. Hapo ndipo kazi ya rangi inapogeuka kuwa kazi ya saruji, yaani kutoka bidhaa inayovumilia safari hadi ile isiyoivumilia. Njia ya kuepuka kushangazwa ni rahisi: kabla ya makadirio kuandikwa, kipande cha plasta cha futi moja kwa moja kibomolewe katika chumba kibovu kuliko vyote, na kinachoonekana nyuma yake kiandikwe.

Mchanga ndio faraja ya mjenzi wa Turkana. Laga, yaani mito ya msimu ambayo hubaki mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, zimeizunguka miji yote miwili, Kawalase ikiwa Lodwar na Tarach ikiwa Kakuma, na gharama ya mchanga ni ile ya kuuchota na kuubeba. Urahisi huo una kasoro moja. Mchanga wa kingo za laga huwa na tope laini linalodhoofisha plasta, na hupimwa kwa kuujaza nusu ya chupa angavu, kuongeza maji, kutikisa na kuiacha itulie kwa saa kadhaa. Tabaka la tope likionekana nene juu ya mchanga, ni heri kulipia tipa litakalochota katikati ya laga. Laga hizo hizo hufurika mvua zikinyesha mbali milimani, na ploti iliyo karibu nazo haihitaji makadirio ya rangi kabla ya kuulizwa maji ya mafuriko yaliyopita yalifika wapi ukutani.

Kuhusu paa na mbao maneno machache yatatosha. Upepo wa Turkana ni mkali na wa kudumu, hulegeza misumari ya mabati na kujaza gata mchanga, hivyo kukaza misumari na kubadilisha mipira yake ni gharama ya kila mwaka. Mchwa hula fremu za milango zisizotiwa dawa, na fremu ya chuma, ijapokuwa bei yake humshtua mnunuzi, mara nyingi ndiyo rahisi ikigawanywa kwa miaka.

Nguvu kazi inatofautiana sana kati ya miji hii miwili. Kakuma ina mafundi wengi, wakiwamo Wakongomani na Warundi waliokuja na ujuzi wa uashi na useremala, na kwenye kazi Kiswahili ndicho kinachowaunganisha na Waturkana na wenye maduka Wasomali. Lakini mkimbizi anayetaka kufanya kazi Lodwar huhitaji kibali cha kusafiri nje ya kambi, kwa hiyo fundi aliyeonekana kuwa nafuu Kakuma hawezi kuhesabiwa kuwa nafuu kilomita 120 kusini. Lodwar, kwa upande wake, fundi wa umeme au wa mabomba aliyebobea mara nyingi huletwa kutoka Kitale, akiwa na nauli, malazi na chakula, na gharama hiyo ya kumleta ni ileile akitengeneza choo kimoja au vyoo 10. Hiyo ni gharama isiyopungua kazi inapopungua, nayo ndiyo sababu ukarabati mdogo unaofanywa chumba kwa chumba, kila mpangaji anapolalamika, hugharimu kuliko ule uliokusanywa ukafanywa mara moja kwa mwaka.

Katika suala la kumlipa fundi, wenye nyumba wangeweza kujifunza kutoka Kalobeyei. Shigeru Ban, msanifu majengo wa Japani, alialikwa na UN-Habitat mwaka 2017 kubuni nyumba za makazi hayo, na michoro yake ilivuta macho ya dunia. Hata hivyo somo la hesabu limo zaidi katika mpango wa UNHCR wa kuzipa familia fedha ili zijijengee zenyewe. Fedha hizo zilitolewa kwa awamu, na awamu iliyofuata ilisubiri ile iliyotangulia ithibitishwe ukutani. Mwenye ploti anayeishi mbali akigawa malipo yake vivyo hivyo, fungu moja plasta mbovu ikishabomolewa, jingine plasta mpya ikishanyweshwa siku 7, na la mwisho rangi ikikamilika, makadirio yake huwa pia chombo cha usimamizi.

Ardhi hubadilisha hesabu tena. Ndani ya kambi mwenye kibanda cha biashara humiliki jengo bila kumiliki ardhi, na hata mjini viwanja vingi vimeshikwa kwa barua za ugawaji, huku ardhi pana ya Turkana ikiwa ya jamii chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Mahali ambapo haki ya kukaa haina uhakika, busara ya mwekezaji ni kupendelea kinachofunguka: mabati, milango ya chuma, tangi la maji, paneli za jua. Vitu hivyo vina thamani ya kuuzwa tena, na thamani hiyo inafaa iondolewe katika gharama, ilhali plasta na vigae vya sakafuni vikishawekwa havina mnunuzi.

Makadirio yakishakamilika, huongezwa akiba ya tahadhari, yaani fungu la yasiyotarajiwa, ambalo desturi huliweka asilimia 10. Katika mazingira haya asilimia 10 ni haba kwa ploti ya zamani isiyobomolewa kipande cha majaribio, na ni nyingi kwa kazi ya vitasa na nyavu. Ni sahihi zaidi kuiweka kubwa kwenye mistari ya plasta na mabomba, na kuiacha ndogo kwenye mingine.

Hubaki swali ambalo BQ haiulizi: je, kazi hiyo inalipa? Ichukuliwe ploti ya kubuni ya vyumba 10, kila kimoja kikipangishwa kwa shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo ukarabati wake umekadiriwa kuwa shilingi 180,000. Ikiwa vyumba vyote vina wapangaji na lengo ni kuongeza pango kwa shilingi 500 kwa kila chumba, nyongeza ya mwaka ni 60,000. Serikali huchukua sehemu yake, kwani kodi ya mapato ya pango ya makazi, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 kwa mapato ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, hutozwa juu ya pango lote bila kuondoa gharama za matengenezo, isipokuwa mwenye nyumba ameandika kuchagua utaratibu wa kawaida wa kodi. Zitabaki 55,500. Vyumba vikifungwa mwezi mmoja kwa ajili ya kazi, 50,000 za pango hupotea na gharama halisi huwa 230,000, itakayorudi baada ya miaka 4 na zaidi. Lakini ikiwa vyumba 2 kati ya hivyo 10 hukaa vitupu mwaka mzima kwa sababu ya ubovu, na ukarabati ukavijaza kwa pango lilelile la zamani, mapato huongezeka kwa 120,000, ambazo baada ya kodi ni 111,000. Pango linalopotea mwezi wa kazi ni la vyumba 8 tu, yaani 40,000, na 220,000 zote hurudi kwa miaka 2 hivi. Kujaza chumba kitupu kwalipa maradufu kuliko kupandisha pango la chumba kilichojaa, na mwenye nyumba aliyelielewa hilo ataanza na choo kinachovuja, ambacho ndicho humfukuza mpangaji, kabla ya rangi ya lango inayowavutia wapita njia.

Muda huo wa miaka 2 au 4 una uzito wa pekee sasa. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likapunguza mgao wa wakimbizi, mashirika kadhaa yalipunguza wafanyakazi, nao ni wapangaji wanaolipa vizuri zaidi Kakuma na katika baadhi ya mitaa ya Lodwar. Ploti iliyokadiriwa kwa ajili ya afisa wa shirika, yenye vigae na kiyoyozi, haimfai mwalimu wala mwanafunzi, na gharama yake haitarudishwa na pango wanaloweza kulipa. Wenye nyumba Kakuma wanaopanga ukarabati wa mwaka ujao wana sababu ya kukataa kazi yoyote isiyorudisha fedha ndani ya miaka 2, na kuifanya vyumba 2 kwa wakati mmoja, wapangaji wakihamishiwa vilivyokwisha kukauka, kabla mvua za Machi hazijaanza kuijaza Tarach.